Kuunganisha programu za dirisha kwa ujumbe wa D-Bus: mwongozo kwa duka lenye kiwango cha dola kinachobadilika

Katika maduka mengi ya Lubumbashi bei hupangwa kwa dola na malipo hupokelewa kwa faranga za Kongo. Mwenye kuuza vipuri vya magari karibu na soko la mtaa wa Kenya mjini humo hununua shehena yake kwa dola, kwa kuwa bidhaa nyingi hupitia mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Zambia au mbali zaidi, lakini mteja anayesimama mbele ya meza hutoa noti za faranga, na kiwango cha kubadilishia cha leo huenda si kile cha jana. Duka la namna hiyo likianza kutumia kompyuta, mara nyingi hujikuta na programu kadhaa zilizoandikwa nyakati tofauti: moja ya mauzo, moja ya ghala, moja ya kuchapa ankara, na kila moja ina kisanduku chake cha kuandikia kiwango. Kisanduku kimoja kikisahauliwa, risiti na ankara za siku hiyo hiyo hupingana, na ubishi unaofuata hauwezi kuamuliwa kwa kutazama kompyuta, maana kompyuta yenyewe ina majibu mawili.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuziunganisha programu hizo ndani ya kompyuta moja yenye mfumo wa Linux, kwa kutumia D-Bus (njia ya programu kupelekeana ujumbe), lugha ya Python, na GTK 4 (maktaba ya kuunda madirisha). Msomaji anatarajiwa kujua Python kwa kiasi cha kuandika darasa na funksheni. Kanuni inayoongoza kila hatua ni moja: kila taarifa iwe na programu moja tu inayoimiliki, na programu nyingine zote ziiulize au ziisikilize hiyo.

Kwa nini faili la pamoja halitoshi

Wengi hujaribu kwanza kuweka kiwango ndani ya faili ambalo kila programu hulisoma. Njia hiyo inafanya kazi hadi programu moja isome faili wakati nyingine iko katikati ya kuliandika, au hadi mwenye duka aulize kwa nini dirisha la mauzo bado linaonyesha kiwango cha zamani. Faili halimwambii msomaji kwamba limebadilika. Msomaji ndiye anayelazimika kulichungulia tena na tena. Zaidi ya hayo, faili halisemi kama programu iliyoliandika bado ipo au ilizimika jana usiku.

D-Bus huondoa matatizo hayo kwa sababu ni njia ya ujumbe. Ilianza kutengenezwa mwaka 2002, toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2006, na mwaka 2008 KDE 4, mazingira ya madirisha ya Linux, iliacha mfumo wake wa awali ulioitwa DCOP ili kuitumia. Leo iko tayari katika karibu kila Linux yenye madirisha: arifa zinazotokea pembeni mwa skrini, na kitufe cha kibodi kinachosimamisha muziki hata kama kichezaji kimefichwa nyuma ya madirisha mengine, hutegemea ujumbe wa D-Bus.

Kazi yake inafanana na ya tarishi wa ofisi. Programu hazipigiani simu moja kwa moja; kila moja hukabidhi ujumbe wake kwa basi, na basi hupeleka kwa mhusika. Kuna mabasi mawili. Basi la mfumo ni la huduma za kompyuta nzima, kama vile mtandao na betri. Basi la kikao ni la mtumiaji mmoja aliyeingia kwenye kompyuta, na hilo ndilo tutakalotumia. Ndani ya basi kila programu hutambulika kwa jina, kwa mfano `cd.mfano.Kiwango`, ndani ya programu kuna vitu, kila kimoja na njia yake, kwa mfano `/cd/mfano/Kiwango`, na kila kitu hutoa violesura, yaani orodha za miito inayopokelewa na ishara zinazotangazwa. Mwito huenda kwa programu moja na kurudi na jibu. Ishara hutangazwa bila kungoja jibu, na hupokelewa na kila aliyejiandikisha kuisikia.

Hatua ya kwanza: hakikisha basi lipo

Kwenye Debian au Ubuntu, vifurushi vinavyohitajika husakinishwa kwa amri hii:

```
sudo apt install python3-gi gir1.2-gtk-4.0 libglib2.0-bin
```

Kisha fungua terminali na uandike:

```
echo $DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
```

Jibu la kawaida ni `unix:path=/run/user/1000/bus`, ambapo 1000 ni namba ya mtumiaji. Jibu likiwa tupu, huenda umeingia kwa namna ambayo haikufungua kikao cha madirisha. Usiendeshe programu yoyote ya mwongozo huu kwa `sudo`. Ukifanya hivyo programu itakuwa ya mtumiaji mwingine, haitakuwa kwenye basi lile lile na wenzake, na utapoteza saa nzima ukitafuta kosa ndani ya msimbo usio na kosa.

Hatua ya pili: andika mkataba kabla ya msimbo

Hii ndiyo hatua inayostahili subira kuliko zote. Mkataba ni maelezo ya XML yanayotaja kile ambacho programu inayomiliki kiwango inaahidi kuwapa wengine. Ukishatumiwa na programu tatu, kuubadilisha ni kazi ngumu, kwa hiyo uwe mfupi.

```xml
<node>
  <interface name="cd.mfano.Kiwango1">
    <method name="Pata">
      <arg name="faranga" type="u" direction="out"/>
      <arg name="wakati" type="x" direction="out"/>
    </method>
    <signal name="Kimebadilika">
      <arg name="faranga" type="u"/>
      <arg name="wakati" type="x"/>
    </signal>
  </interface>
</node>
```

Herufi `u` ni namba nzima isiyo hasi ya biti 32, na `x` ni namba nzima ya biti 64, ambayo hapa inabeba wakati kwa sekunde. Kiwango kimewekwa kuwa faranga nzima kwa dola moja kwa makusudi. D-Bus inayo aina ya namba zenye desimali, `d`, lakini namba za aina hiyo hazihifadhi kila desimali kwa usahihi, na fedha haistahili kukadiriwa. Duka likihitaji sehemu za faranga, litume kiwango kikiwa kimezidishwa kwa 100, na jina la hoja liseme hivyo waziwazi.

Majina yana sheria zake. Jina la basi lazima liwe na angalau sehemu mbili zilizotenganishwa kwa nukta, lisizidi herufi 255, na sehemu yoyote isianze na tarakimu. Herufi zenye alama hazikubaliki, kwa hiyo mwenye mazoea ya kuipa programu yake jina la Kifaransa lenye `é` ataiandika `e` ndani ya mkataba, na kubakiza tahajia kamili kwenye kichwa cha dirisha. Jina huanza na anwani ya tovuti iliyogeuzwa. Mwenye tovuti yake mwenyewe chini ya `.cd` atumie hiyo badala ya `mfano`, ili asigongane na programu ya mtu mwingine.

Msomaji makini ataona kwamba hakuna mwito wa kubadilisha kiwango. Nimeuacha nje kwa sababu basi la kikao halitofautishi kati ya programu za mtumiaji mmoja: chochote kinachoendeshwa na akaunti ile ile kinaweza kuuita mwito wowote. Ikiwa ni meneja peke yake anayepaswa kuweka kiwango, basi kiwango kiwekwe ndani ya dirisha la programu inayokimiliki, ambako unaweza kuomba nenosiri, na basi litumike kutangaza tu.

Hatua ya tatu: programu inayomiliki kiwango

GTK hurahisisha hatua hii, kwa kuwa programu yoyote iliyopewa kitambulisho hujiandikisha kwenye basi la kikao kwa jina hilo hilo. Faida ya ziada ni kwamba mtu akibofya aikoni mara mbili, programu ya pili haifunguki. Dirisha la ile ya kwanza ndilo linaloletwa mbele. Kwa taarifa inayopaswa kuwa na mmiliki mmoja, hilo ni jambo la lazima.

```python
#!/usr/bin/env python3
import json, os, sys, time
import gi
gi.require_version("Gtk", "4.0")
from gi.repository import Gio, GLib, Gtk

# Bandika hapa mkataba wote wa hatua ya pili
MKATABA = Gio.DBusNodeInfo.new_for_xml("""<node>...</node>""")
FAILI = os.path.join(GLib.get_user_data_dir(), "kiwango.json")

class Kiwango(Gtk.Application):
    def __init__(self):
        super().__init__(application_id="cd.mfano.Kiwango")
        try:
            with open(FAILI) as f:
                self.faranga, self.wakati = json.load(f)
        except (OSError, ValueError):
            self.faranga, self.wakati = 0, 0

    def do_dbus_register(self, basi, njia):
        Gtk.Application.do_dbus_register(self, basi, njia)
        basi.register_object(njia, MKATABA.interfaces[0],
                             self.pokea, None, None)
        return True

    def do_startup(self):
        Gtk.Application.do_startup(self)
        self.hold()

    def pokea(self, basi, mtumaji, njia, kiolesura,
              jina, hoja, mwito):
        if jina != "Pata":
            return
        if self.faranga == 0:
            mwito.return_dbus_error(
                "cd.mfano.Kiwango.Kosa.Hakijawekwa",
                "Kiwango cha leo hakijawekwa")
            return
        mwito.return_value(
            GLib.Variant("(ux)", (self.faranga, self.wakati)))

    def badilisha(self, kipya):
        self.faranga = kipya
        self.wakati = int(time.time())
        self.hifadhi()
        self.get_dbus_connection().emit_signal(
            None, self.get_dbus_object_path(),
            "cd.mfano.Kiwango1", "Kimebadilika",
            GLib.Variant("(ux)", (self.faranga, self.wakati)))

    def hifadhi(self):
        jipya = FAILI + ".jipya"
        with open(jipya, "w") as f:
            json.dump([self.faranga, self.wakati], f)
            f.flush()
            os.fsync(f.fileno())
        os.replace(jipya, FAILI)

    def do_activate(self):
        dirisha = self.get_active_window()
        if dirisha is None:
            dirisha = Gtk.ApplicationWindow(
                application=self, title="Kiwango cha leo")
            namba = Gtk.SpinButton.new_with_range(5, 100000, 5)
            namba.set_value(self.faranga)
            kitufe = Gtk.Button(label="Thibitisha")
            kitufe.connect("clicked", lambda k:
                self.badilisha(namba.get_value_as_int()))
            safu = Gtk.Box(spacing=12)
            safu.append(namba)
            safu.append(kitufe)
            dirisha.set_child(safu)
        dirisha.present()

Kiwango().run(sys.argv)
```

Mambo manne katika msimbo huu yanahitaji maelezo.

Kwanza, kitu kinasajiliwa ndani ya `do_dbus_register`, si ndani ya `do_activate`. GTK huiita funksheni hiyo kabla ya kuchukua jina kwenye basi, kwa hiyo hakuna nafasi hata ndogo ambamo jina linaonekana huku kitu chenyewe hakijawa tayari. Ukisajili baadaye, programu ya mauzo inayouliza mapema itapata kosa mara moja moja tu, na makosa yanayotokea mara moja moja ndiyo yanayochosha kuliko yote kuyatafuta.

Pili, kiwango kinapokosekana, jibu ni kosa lenye jina, wala si sifuri. Programu ya mauzo ikipokea sifuri inaweza kuzidisha bei kwa sifuri na kumpa mteja bidhaa bure. Ikipokea kosa, inalazimika kusimama na kueleza.

Tatu, ishara hutumwa kitufe kinapobofywa, si kila tarakimu inapobadilika. Mtu anayepandisha namba kutoka 2800 hadi 2850 kwa kubofya mshale hupitia namba kadhaa za katikati, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo aliikusudia. Namba hizi ni za mfano tu.

Nne ni namna ya kuhifadhi. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, na betri ya akiba haipo, faili linaweza kubaki nusu au tupu. Ndiyo sababu kiwango kipya huandikwa kwanza kwenye faili la kando, `fsync` huhakikisha kwamba kimefika kwenye diski, na kisha `os.replace` hubadilisha jina kwa tendo moja lisilogawanyika. Baada ya umeme kurudi utakuta ama kiwango cha zamani kikiwa kamili, ama kipya kikiwa kamili. Katika mji ambao stima hukatika bila kuaga, mistari hiyo michache ina thamani kuliko pambo lolote la dirisha. Angalia pia kwamba kuhifadhi kunatangulia kutangaza: usiwatangazie wengine jambo ambalo wewe mwenyewe unaweza kulisahau.

Hatua ya nne: jaribu kwa terminali

Usianze kuandika programu ya mauzo kabla ya kuthibitisha kwamba hii ya kwanza inajibu. Iendeshe, kisha katika terminali nyingine uandike:

```
gdbus introspect --session --dest cd.mfano.Kiwango \
  --object-path /cd/mfano/Kiwango
gdbus call --session --dest cd.mfano.Kiwango \
  --object-path /cd/mfano/Kiwango \
  --method cd.mfano.Kiwango1.Pata
gdbus monitor --session --dest cd.mfano.Kiwango
```

Amri ya kwanza huonyesha mkataba wako pamoja na violesura ambavyo GTK imejiongezea. Ya pili hurudisha kitu kama `(uint32 2800, int64 1730000000)`, au kosa ulilolipa jina ikiwa bado hujathibitisha kiwango. Ya tatu hubaki wazi ikisikiliza. Rudi kwenye dirisha, badilisha kiwango, bofya kitufe, na ishara `Kimebadilika` itaonekana papo hapo. Amri hizi tatu zitakusaidia kwa miaka, kwa sababu tatizo likitokea dukani zinakuambia upesi kama lawama ni ya anayetuma au ya anayepokea.

Hatua ya tano: programu ya mauzo

Upande huu ndio wenye mitego mingi, na mtego mkubwa ni kugandisha dirisha. Mwito wa kungoja, yaani ule unaosimamisha msimbo mpaka jibu lirudi, huandikwa kwa mstari mmoja na hufanya kazi vizuri siku zote ambazo kila kitu kiko sawa. Siku ambayo programu ya kiwango imekwama, GTK itaendelea kungoja hadi muda wa kawaida wa sekunde 25 uishe, na kwa muda wote huo dirisha la mauzo halichoreki wala halipokei kubofya, huku foleni ya wateja ikirefuka. Kwa hiyo miito yote ndani ya programu yenye dirisha iwe ya kutongoja, na iwekewe kikomo kifupi. Kipande hiki hukaa ndani ya darasa la programu ya mauzo; `pokea_kiwango` na `funga_malipo_ya_faranga` utaziandika mwenyewe kulingana na dirisha lako.

```python
    def do_startup(self):
        Gtk.Application.do_startup(self)
        basi = self.get_dbus_connection()
        basi.signal_subscribe(
            "cd.mfano.Kiwango", "cd.mfano.Kiwango1",
            "Kimebadilika", "/cd/mfano/Kiwango", None,
            Gio.DBusSignalFlags.NONE, self.ishara)
        Gio.bus_watch_name(
            Gio.BusType.SESSION, "cd.mfano.Kiwango",
            Gio.BusNameWatcherFlags.AUTO_START,
            self.amekuja, self.ameondoka)

    def amekuja(self, basi, jina, mmiliki):
        basi.call(
            "cd.mfano.Kiwango", "/cd/mfano/Kiwango",
            "cd.mfano.Kiwango1", "Pata", None,
            GLib.VariantType.new("(ux)"),
            Gio.DBusCallFlags.NONE, 3000, None, self.jibu)

    def jibu(self, basi, tokeo):
        try:
            faranga, wakati = basi.call_finish(tokeo).unpack()
        except GLib.Error as kosa:
            self.funga_malipo_ya_faranga(kosa.message)
            return
        self.pokea_kiwango(faranga, wakati)

    def ishara(self, basi, mtumaji, njia, kiolesura,
               jina, hoja, *ziada):
        self.pokea_kiwango(*hoja.unpack())

    def ameondoka(self, basi, jina):
        self.funga_malipo_ya_faranga("Kiwango hakipatikani")
```

Mpangilio wa matendo hapa si wa bahati. Programu hujiandikisha kusikia ishara kwanza, kisha ndipo inapouliza kiwango cha sasa. Ukiugeuza, kuna mwanya kati ya kuuliza na kujiandikisha, na mabadiliko yakitokea ndani ya mwanya huo hayatakufikia kamwe. Dirisha litabaki na kiwango cha zamani mpaka kesho. Ukiufuata, mabadiliko yoyote yatakuja ama ndani ya jibu ama kama ishara inayofuata. Ujumbe unaotoka kwa mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja hufika kwa mpangilio uliotumwa, hivyo hakuna haja ya kulinganisha `wakati` ili kujua kipi ni kipya. Hilo ni jema, kwa sababu kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi na tarehe ya miaka iliyopita kila inapowashwa. Tumia `wakati` kumwonyesha muuzaji kiwango kiliwekwa lini, basi.

`bus_watch_name` huiambia programu pale mwenye jina anapotokea na anapotoweka. Mwenye jina akitoweka, sipendekezi kuendelea na kiwango cha mwisho kana kwamba hakuna lililotokea. Malipo ya dola yanaweza kuendelea. Ya faranga yafungwe, na sababu iandikwe kwenye dirisha kwa maneno ambayo muuzaji atayaelewa. Programu ya kiwango ikirudi, `amekuja` huitwa tena na kila kitu hufunguka chenyewe.

Sasa kuna swali ambalo si la D-Bus lakini huzaliwa nayo: ishara ikifika muuzaji akiwa katikati ya mauzo, jumla ibadilike? Mteja ameshaambiwa bei, ameanza kuhesabu noti, na ghafla namba kwenye skrini inapanda. Kiutu, bei iliyotamkwa inapaswa kuheshimiwa. Kwa hiyo `pokea_kiwango` isiguse mauzo yaliyokwisha kufunguliwa. Kila mauzo yabebe nakala ya kiwango kilichokuwapo yalipoanza, kiwango hicho kihifadhiwe pamoja na risiti, na kile kipya kianze kutumika kwa mteja anayefuata. Onyesha mstari mdogo unaosema kwamba kiwango kimebadilika, ili muuzaji asishangae. Mwenye duka mwenye maoni mengine anaweza kuamua tofauti, lakini auamue uamuzi huo yeye, usiachwe kuwa tokeo la namna msimbo ulivyoandikwa.

Miito yote hii hurudi kwenye mzunguko mkuu wa matukio wa GTK, hivyo unaweza kubadilisha maandishi ya dirisha moja kwa moja ndani yake. Ukiamua kutumia nyuzi nyingine (threads) kwa kazi nzito, usiguse dirisha kutoka humo; rudisha kazi kwenye uzi mkuu kwa `GLib.idle_add`.

Hatua ya sita: liache basi liwashe programu

Muuzaji hapaswi kukumbuka kuwasha programu ya kiwango kila asubuhi kabla ya ile ya mauzo. Unda faili `~/.local/share/dbus-1/services/cd.mfano.Kiwango.service` lenye mistari hii:

```
[D-BUS Service]
Name=cd.mfano.Kiwango
Exec=/opt/duka/kiwango.py --gapplication-service
```

Njia ya `Exec` lazima iwe kamili, na faili la Python liwe limepewa ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`. Tangu hapo, ujumbe wa kwanza kwenda `cd.mfano.Kiwango` huifanya D-Bus iwashe programu, ikiushikilia ujumbe mpaka jina lichukuliwe. Neno `--gapplication-service` huiamuru programu ianze bila kufungua dirisha. Hapo ndipo `self.hold()` ya hatua ya tatu inapohitajika: bila hiyo, programu isiyo na dirisha hujizima baada ya muda mfupi. Meneja akibofya aikoni, dirisha hufunguka ndani ya mchakato ule ule, na akilifunga, kiwango huendelea kutumikia.

Programu ya mauzo ikiwa imefungashwa kwa Flatpak, mfumo unaozitenga programu kwa usalama, haitaruhusiwa kuzungumza na jina hili mpaka uongeze `--talk-name=cd.mfano.Kiwango` kwenye ruhusa zake.

Mipaka ya njia hii

D-Bus ni ya kompyuta moja. Duka lenye meza mbili za malipo, kila moja na kompyuta yake, linahitaji kitu kinachopita mtandaoni. Ikiwa tayari lina hifadhidata ya PostgreSQL, amri zake za LISTEN na NOTIFY hufanya kazi inayofanana na ya ishara. Kwenye Windows, D-Bus si desturi. Huko njia ya kawaida ni mabomba yenye majina (named pipes), na anayeandika kwa Qt, maktaba nyingine ya madirisha, anaweza kutumia QLocalServer, ambayo hutumia mabomba hayo kwenye Windows na soketi za Unix kwenye Linux kwa msimbo mmoja. Utapoteza, hata hivyo, majina, ishara na uwashaji wa hatua ya sita, na itakubidi uandike mwenyewe orodha ya wasikilizaji.

Wala usitumie basi kubeba mizigo. Ujumbe mmoja una kikomo cha megabaiti 128, lakini muda mrefu kabla ya kufika hapo utakuwa umewachelewesha wengine. Picha za vipuri au orodha nzima ya ghala ziwekwe kwenye faili au hifadhidata, na ujumbe ubebe njia au namba ya kuzipatia tu.

Kubadilisha mkataba baadaye

Siku itafika ambapo duka litataka viwango viwili, cha kununulia na cha kuuzia, au litaanza kupokea kwacha ya Zambia. Usibadilishe aina za hoja ndani ya `cd.mfano.Kiwango1`, kwa maana programu ya mauzo ya zamani inasubiri `(ux)` na itakataa chochote kingine. Ongeza kiolesura kipya, `cd.mfano.Kiwango2`, ndani ya XML ile ile, kisajili kwenye njia ile ile kwa mwito wa pili wa `register_object`, na kiwango kinapobadilika utangaze ishara zote mbili. Hamisha programu ya mauzo kwanza, kisha ya ghala, kisha ya ankara, kila moja kwa siku yake, huku ukitazama kwa `gdbus monitor`. Ondoa `Kiwango1` pale tu ambapo hakuna programu iliyobaki ikiuita.